Saratani ya ovari baada ya hedhi kukoma

Wanawake wengi waliovuka umri wa kuzaa wana imani moja ambayo nimeisikia mara nyingi, na kila ninapoisikia hunitia wasiwasi: kwamba hedhi ikishakoma, maradhi ya viungo vya uzazi nayo yamekoma. Kwa saratani ya ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai vilivyo kando ya mfuko wa uzazi, mambo ni kinyume kabisa. Huu ni ugonjwa ambao kwa sehemu kubwa hujitokeza baada ya hedhi kukoma, na uwezekano wa kuupata huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Nchini Marekani, takribani nusu ya wanawake wanaogunduliwa kuwa nao wana umri wa miaka 63 au zaidi, na nchini Uingereza kiwango cha juu kabisa cha wagonjwa wapya huonekana miongoni mwa wanawake wenye umri wa miaka 75 hadi 79. Kabla ya miaka 40 ugonjwa huu ni nadra.

Makadirio ya dunia nzima kwa mwaka 2022 yalikuwa wagonjwa wapya wapatao 324,000 na vifo vipatavyo 207,000. Idadi ya vifo, kwa hiyo, ni karibu theluthi mbili ya idadi ya wagonjwa wapya, ilhali kwa saratani ya matiti katika mwaka huo huo ilikuwa chini ya theluthi moja. Tofauti hiyo inatokana hasa na wakati ugonjwa unapogunduliwa. Saratani ya ovari ikikutwa ingali ndani ya ovari au mrija wa uzazi peke yake, wagonjwa zaidi ya tisa kati ya kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Ikikutwa imekwisha kusambaa mbali, wanaobaki hai kwa muda huo ni karibu watatu kati ya kumi, na kwa bahati mbaya wengi hugunduliwa ugonjwa ukiwa tayari umesambaa hivyo. Ninaandika haya kwa sababu naamini kwamba umri, ambao ndio kihatarishi kikubwa kuliko vyote kwa mwanamke wa kawaida, ndio huo huo unaotumiwa kuzielezea na kuzipuuza dalili zake. Mwanamke wa miaka 70 akilalamika tumbo, huambiwa ni uzee. Na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kujiambia hivyo.

Jina hili moja hufunika magonjwa kadhaa, na ni vyema kuyatenganisha kabla ya kuzungumzia vihatarishi. Takribani asilimia 90 ya saratani za ovari huanzia katika seli za utando unaofunika viungo hivyo, na hizi ndizo zinazowapata wanawake wa umri mkubwa. Zile zinazoanzia katika seli za mayai huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, na kwa kawaida hutibika vizuri. Lipo pia kundi dogo linaloanzia katika seli zinazotengeneza homoni, na ndani yake imo aina moja ambayo kila mwanamke aliyekoma hedhi anafaa kuijua, kwa kuwa huweza kuzalisha homoni ya estrojeni na kumfanya atokwe na damu ukeni miaka mingi baada ya kuacha kuona siku zake. Kutokwa na damu baada ya hedhi kukoma, hata iwe matone machache ya mara moja, ni sababu tosha ya kwenda kupimwa, iwe chanzo chake ni ovari, ukuta wa mfuko wa uzazi au jambo lisilo na madhara yoyote.

Katika kundi kubwa la saratani za utando, aina inayoongoza kwa wingi na kwa ukali huitwa serasi ya daraja la juu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa huanza juu ya ovari. Uchunguzi uliofanywa tangu mwanzoni mwa karne hii umebadilisha dhana hiyo, maana wataalamu waliokuwa wakiichunguza kwa hadubini mirija ya uzazi iliyotolewa kwa wanawake wenye hatari ya kurithi walikuta dalili za mwanzo kabisa za saratani mwishoni mwa mirija hiyo, kwenye vile vinyuzi laini vinavyolipokea yai linapotoka, wakati ovari zenyewe zikiwa safi. Karibu kila saratani ya aina hii huwa na hitilafu katika jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli yenye kasoro isiendelee kugawanyika, na hitilafu hiyo hiyo imekutwa katika madoa hayo madogo ya kwenye mirija. Inaelekea, basi, kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita saratani ya ovari huzaliwa kwenye mrija, kisha hudondokea kwenye ovari na kukulia hapo.

Mwisho wa mrija uko wazi ndani ya tumbo. Seli zilizoachana na chanzo chake hazina kizuizi cha kupita. Huelea katika majimaji ya kawaida ya tumboni na kwenda kushikamana na utando wa tumbo, pazia la mafuta linalofunika utumbo, hata sehemu ya chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Yote hayo yanaweza kutokea kabla uvimbe wenyewe haujafikia ukubwa wa kuhisika kwa mkono. Ndiyo sababu dalili za kwanza nyingi ni za tumbo na utumbo, na ndiyo sababu mwanamke huanza kwa kutafuta dawa ya gesi.

Kwa nini umri uwe na uzito kiasi hicho? Sehemu ya jibu ni ile inayozihusu saratani karibu zote: makosa katika vinasaba hujilimbikiza, na uwezo wa mwili kuyarekebisha hupungua. Sehemu nyingine ni ya ovari pekee. Mwaka 1971, daktari Mahmoud Fathalla wa Misri alichapisha hoja fupi ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mazungumzo haya. Alisema kwamba kila mwezi yai linapotoka, uso wa ovari hupasuka na kulazimika kujiunga upya, na kwamba kujirudia kwa tukio hilo kwa miaka mingi bila mapumziko huenda ndiko kunakofungua njia ya saratani. Leo tunaongeza kwamba majimaji yanayomwagika pamoja na yai huiosha pia ile ncha ya mrija, yakiwa na vitu vinavyoweza kuharibu vinasaba vya seli zake. Hoja hiyo haielezi kila kitu, lakini inalingana vizuri sana na mambo yanayoonekana kwa wanawake wenyewe.

Kila ujauzito hulipumzisha zoezi hilo, na mwanamke aliyezaa ana hatari ndogo kuliko asiyezaa, huku kila mtoto wa ziada akiongeza kinga kidogo. Kunyonyesha nako hupunguza. Kuanza hedhi mapema na kuikoma kwa kuchelewa huongeza, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Ushahidi mzito kuliko wote unatokana na vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo huzuia yai lisitoke. Mwaka 2008 watafiti walikusanya pamoja takwimu za tafiti 45 kutoka nchi 21 na kukuta kwamba kila miaka 5 ya kutumia vidonge hupunguza hatari kwa karibu asilimia 20, kwamba miaka 15 huipunguza kwa takribani nusu, na kwamba kinga hiyo huendelea kuonekana zaidi ya miaka 30 baada ya mwanamke kuacha kuvitumia, ingawa hufifia pole pole. Jambo hili la mwisho lina maana kubwa kwa anayesoma haya akiwa na miaka 65 au 75, kwa kuwa yale aliyoyapitia mwili wake alipokuwa na miaka 25 bado yanahesabiwa sasa. Hawezi kuyabadilisha, lakini anaweza kuyaeleza kwa daktari: alizaa mara ngapi, alinyonyesha kwa muda gani, alitumia njia gani ya uzazi wa mpango na kwa miaka mingapi, hedhi ilikoma lini.

Hapa naomba niweke tahadhari, kwa sababu nimeona jinsi habari hii inavyogeuzwa kuwa utulivu usio na msingi. Mama aliyezaa watoto wanane na kuwanyonyesha wote ana hatari ndogo, lakini bado ana hatari, na umri wake unaendelea kuiongeza hatari hiyo hata kama alianza na mtaji mdogo. Kumwambia kwamba kwa uzazi wake hawezi kupata saratani ya ovari ni kumdanganya.

Upo mkanganyiko mwingine wa aina hiyo kwa wanawake waliofanyiwa upasuaji wa kutoa kizazi. Wengi hawajui kama ovari zao zilitolewa pia au ziliachwa, na wengine hudhani kwamba kizazi kikitoka basi kila kitu kimetoka. Upasuaji huo hufanyika mara nyingi kwa kuacha ovari moja au zote mbili, hasa kwa mwanamke ambaye bado hajakoma hedhi, ili asikose homoni zake ghafla. Aliyefanyiwa upasuaji miaka mingi iliyopita anafaa kuiomba hospitali kumbukumbu zake, au walau kuuliza swali hilo wazi wazi. Katika miaka ya karibuni, kutokana na ugunduzi wa chanzo cha kwenye mirija, madaktari katika nchi kadhaa wameanza kutoa mirija yote miwili wakati wa upasuaji unaofanywa kwa sababu nyingine, au badala ya kuifunga tu kwa mwanamke asiyetaka kuzaa tena, wakiziacha ovari mahali pake. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilianza kuhimiza utaratibu huo mwaka 2010, na matokeo yake ya awali yanatia moyo. Hata kufunga mirija kwa njia ya zamani kunajulikana kupunguza hatari, zaidi kwa zile aina zinazohusishwa na endometriosisi.

Endometriosisi, ugonjwa ambao seli zinazofanana na zile za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, huongeza uwezekano wa aina mbili maalumu za saratani ya ovari. Uvutaji wa sigara huhusishwa na aina moja, ile inayotoa ute. Unene uliopitiliza huongeza hatari kwa kiasi fulani, na urefu wa kimo pia, jambo ambalo hakuna awezaye kulirekebisha. Vumbi la asbesto limethibitishwa kusababisha saratani ya ovari kwa wanawake waliofanya kazi nalo. Kuhusu poda ya talki inayopakwa sehemu za siri, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka talki mwaka 2024 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi kwa watu bado unabishaniwa, lakini kwa kuwa poda hiyo haina faida yoyote ya kiafya mahali hapo, sioni sababu ya mtu kuendelea kuipaka.

Tiba ya homoni inayotumiwa kupunguza makali ya kukoma hedhi inastahili maneno zaidi, maana inawahusu moja kwa moja wanawake ninaowaandikia. Mwaka 2015 uchambuzi wa tafiti 52 ulionyesha kwamba wanaotumia tiba hiyo huwa na hatari kubwa kidogo kuliko wasioitumia. Kwa kipimo kinachoeleweka, kati ya wanawake 1,000 wanaoitumia kwa miaka 5 kuanzia wakiwa na umri wa karibu miaka 50, kutatokea mgonjwa mmoja wa ziada. Hilo ni ongezeko dogo, na kwa mwanamke asiyeweza kulala wala kufanya kazi kwa sababu ya joto la ghafla na jasho la usiku, huenda faida ikawa kubwa kuliko hasara. Ninachokiona kuwa kibaya ni kuitumia kwa miaka na miaka bila mtu yeyote kuuliza kama bado inahitajika.

Sasa nije kwenye dalili, ambapo moyo wangu upo zaidi. Kwa miaka mingi saratani hii ilielezwa kuwa haina dalili hadi mwishoni. Wanawake waliougua hawakukubaliana na maelezo hayo, na utafiti umewapa haki. Mwaka 2007 daktari Barbara Goff na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba zipo dalili nne zinazohusiana nayo: maumivu ya tumbo au nyonga, tumbo kujaa au kuongezeka ukubwa, kushindwa kula vizuri au kushiba upesi, na kukojoa mara kwa mara au kwa haraka isiyozuilika. Kila moja ni ya kawaida, na karibu kila mwanamke amewahi kuwa nayo. Kilichozitofautisha ni kwamba zilikuwa mpya, yaani zilianza ndani ya mwaka mmoja uliopita, na zilijirudia zaidi ya siku 12 kwa mwezi.

Mama yangu mkubwa alikuwa na dalili hizo zote nne alipokuwa katika miaka yake ya sabini. Nilichokiona mimi, kabla sijaelewa maana yake, ni sketi zake. Alikuwa anasogeza vishikizo vya kiunoni kuelekea pembeni, na baadaye akaacha kuvifunga na kuanza kutumia pini, ilhali mikono yake ilikuwa inapungua na mifupa ya mabega ikionekana juu ya blauzi. Mezani alikuwa akichota chakula kama kawaida, akala vijiko vichache, kisha akasema ameshiba hadi kooni. Kwenye zahanati aliyokuwa akienda alipewa dawa ya gesi na ya tindikali ya tumbo, akaambiwa kwamba kwa umri wake tumbo halisagi tena chakula kama zamani, naye akaridhika, kwa sababu maelezo hayo yalilingana na alivyokuwa anajifikiria. Alipopimwa kwa altrasaundi, tumbo lilikuwa na maji, na uvimbe ulionekana pande zote mbili. Tumbo linalokua huku mwili mwingine ukikonda halitokani na unene wala uzee, na ningependa kila binti, mkwe au mjukuu anayemwogesha au kumvalisha mwanamke mzee alijue hilo.

Mwongozo uliotolewa nchini Uingereza mwaka 2011 na NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya tiba, una kifungu ambacho ningetamani kibandikwe katika kila chumba cha daktari. Unasema kwamba mwanamke mwenye umri wa miaka 50 au zaidi, ambaye katika miezi 12 iliyopita amepata dalili zinazofanana na za ugonjwa wa utumbo mwepesi kusisimka, apimwe saratani ya ovari, kwa sababu ugonjwa huo wa utumbo ni nadra kuanza kwa mara ya kwanza katika umri huo. Mantiki yake ni nzuri sana. Umri, ambao kwingine hutumika kufunga mazungumzo, hapa hutumika kuyafungua: kwa kuwa mgonjwa ni mtu mzima, lile jibu jepesi halikubaliki mpaka jibu zito liondolewe kwanza. Pamoja na tumbo, mwongozo huo unataja uchovu usioelezeka, kupungua uzito bila kukusudia na mabadiliko katika kwenda haja kubwa.

Kipimo cha kwanza katika mwongozo huo ni cha damu, cha protini iitwayo CA-125, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Robert Bast na wenzake. Ikiwa ni yuniti 35 au zaidi kwa mililita, hufuata altrasaundi ya tumbo na nyonga. Kipimo hiki kina udhaifu unaojulikana vizuri. Katika hatua ya kwanza ya ugonjwa, karibu nusu ya wagonjwa huwa na kiwango cha kawaida, kwa hiyo jibu zuri la maabara halitoshi kumrudisha nyumbani mwanamke ambaye dalili zake zinaendelea. Upande wa pili, hupanda pia kwa sababu zisizo saratani ya ovari: ugonjwa wa ini, moyo kushindwa kufanya kazi, kifua kikuu cha tumboni, uvimbe wa kawaida wa kizazi, hata hedhi yenyewe. Mwanamke aliyekoma hedhi ana nafuu kidogo katika jambo hili, kwa kuwa baadhi ya vyanzo hivyo vya kupotosha vimeondoka au vimenyamaza, na namba iliyopanda kwake ina uzito zaidi kuliko kwa kijana.

Altrasaundi nayo huleta hofu yake. Baada ya hedhi kukoma ovari husinyaa, kiasi kwamba daktari hapaswi kuzihisi kwa mkono. Akiihisi, hilo peke yake ni sababu ya uchunguzi. Lakini vifuko vidogo vya maji, vyenye ukuta mwembamba na visivyo na kitu kigumu ndani, hukutwa kwa wanawake wazee wengi wasio na ugonjwa wowote, na vingi hupotea vyenyewe. Kifuko cha namna hiyo, kikiwa chini ya sentimita 5 na CA-125 ikiwa ya kawaida, kwa kawaida hufuatiliwa kwa vipimo vya baadaye bila kukimbilia upasuaji. Kinachotia shaka ni uvimbe wenye sehemu ngumu, wenye kuta ndani yake, ulio pande zote mbili, au unaoambatana na maji tumboni.

Swali linalofuata huwa ni hili: kwa nini basi wanawake wote wasipimwe kila mwaka baada ya kufikisha miaka 50? Jambo hilo limejaribiwa kwa uangalifu mkubwa. Nchini Uingereza wanawake 202,638 wenye umri wa miaka 50 hadi 74 waliingizwa katika utafiti kuanzia mwaka 2001, baadhi wakipimwa kila mwaka kwa damu au altrasaundi na wengine wasipimwe, na matokeo ya mwisho yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kupimwa hakukupunguza vifo. Nchini Marekani utafiti mwingine mkubwa ulifikia hitimisho hilo hilo mwaka 2011, na ukaonyesha pia gharama yake kwa mwili: wanawake 3,285 walipata majibu ya kutia shaka ilhali hawakuwa na saratani, 1,080 kati yao wakafanyiwa upasuaji, na 163 wakapata angalau tatizo moja kubwa kutokana nao. Kwa hiyo, kumpima mwanamke mzima asiye na dalili wala historia ya ugonjwa katika ukoo hakupendekezwi. Mwenye dalili si mwenzake huyo. Kwake vipimo ni haki, na anayemnyima kwa kutaja tafiti hizo amezielewa vibaya. Na kipimo cha mlango wa kizazi, ambacho wanawake wengi wamekwisha kukizoea, hakichunguzi ovari hata kidogo. Kuwa na majibu safi ya kipimo hicho hakusemi lolote kuhusu ugonjwa huu.

Umri hurudi tena kuwa kikwazo wakati wa tiba. Matibabu ya kawaida ni upasuaji wa kuondoa uvimbe wote unaoonekana, unaofanywa vyema zaidi na daktari bingwa wa saratani za wanawake, pamoja na dawa mbili za tibakemikali, kaboplatini na paklitakseli. Wanawake wazee hupewa tiba pungufu mara nyingi zaidi kuliko vijana, kwa nia njema ya kutowachosha. Utafiti wa EWOC-1, uliochapishwa mwaka 2021, uliwachukua wanawake wenye umri wa miaka 70 na zaidi waliopimwa na kuonekana dhaifu, ukawalinganisha waliopewa dawa zote mbili na waliopewa kaboplatini peke yake. Ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliopewa dawa moja walikuwa wakifariki mapema zaidi. Huruma ile ilikuwa inawafupishia maisha. Sisemi kwamba kila bibi wa miaka 85 abebeshwe tiba kamili, maana wapo ambao mioyo na figo zao haziwezi, na wapo wanaoamua kwa akili timamu kwamba hawaitaki. Ninasema kwamba uamuzi uanzie kwenye hali yake halisi: anatembea mwenyewe au la, anakula, protini katika damu yake ikoje, anatumia dawa gani nyingine, ana huzuni kiasi gani, nani yuko naye nyumbani. Mwaka wa kuzaliwa hautoi majibu ya maswali hayo.

Limebaki suala la kurithi, ambalo nimeliweka mwisho kwa sababu kwa mwanamke mzee mara nyingi hujulikana mwisho, baada ya ugonjwa. Mwaka 1990 mtaalamu wa vinasaba Mary-Claire King alionyesha kwamba katika kromosomu ya 17 ipo jeni inayorithisha saratani ya matiti katika baadhi ya koo. Jeni hiyo, BRCA1, ilitambuliwa kamili mwaka 1994, na ya pili, BRCA2, mwaka uliofuata. Mwanamke wa kawaida ana uwezekano wa zaidi kidogo ya asilimia 1 wa kupata saratani ya ovari maishani mwake. Mwenye hitilafu katika BRCA1 ana uwezekano wa takribani asilimia 44 hadi kufikia miaka 80, na mwenye hitilafu katika BRCA2 takribani asilimia 17. Hali nyingine ya kurithi, iitwayo sindromu ya Lynch, huongeza pia hatari ya ovari pamoja na ya mfuko wa uzazi na ya utumbo mpana.

Hitilafu hizi hupita kwa baba sawasawa na kwa mama. Baba anaweza kuzibeba asiugue kamwe, akazipitisha kwa binti zake, na ukoo ukabaki ukihesabu wagonjwa wa upande wa mama tu. Tena zimekutwa kwa wagonjwa wengi ambao hawana ndugu yeyote aliyewahi kuugua, ndiyo maana miongozo ya sasa inataka kila mwanamke mwenye saratani ya utando wa ovari apimwe jeni, bila kujali umri wala historia ya ukoo. Wazee ndio wanaorukwa, kwa dhana kwamba saratani ya kurithi huja ujanani. Dhana hiyo ina ukweli fulani kwa BRCA1, lakini saratani za BRCA2 hujitokeza kwa kuchelewa zaidi, na mgonjwa wa miaka 72 anaweza kabisa kuwa wa kwanza katika ukoo wake kufichua jambo lililokuwepo vizazi vingi. Jibu la kipimo humsaidia yeye mwenyewe, kwa kuwa dawa kama olaparibu hufanya kazi vizuri zaidi kwa wenye hitilafu hizo.

Kisha linawahusu wengine. Kila mmoja wa watoto wake, wa kike kwa wa kiume, ana nusu kwa nusu ya kuwa amerithi. Kwa binti aliyerithi na aliyemaliza kuzaa, kutoa ovari na mirija kati ya umri wa miaka 35 na 40 kwa BRCA1, au 40 na 45 kwa BRCA2, hupunguza hatari kwa kiwango kikubwa sana, ingawa haiishi kabisa, kwa kuwa utando wa tumbo bado upo. Na wadogo zake mgonjwa, ambao nao huenda wana miaka 60 au 68 na wanadhani kwamba mambo haya yamewapita, wako katika umri ule ule ambao hatari yao inapanda; wao pia wana nusu kwa nusu, na kwao pia upasuaji huo bado una maana.